UZI: Mgonjwa wa akili akiingia mahabusu, dawa zake zinakatikia wapi?

#1 Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimefanya kazi wodi ya akili ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa, jina siitaji. Kati ya wagonjwa tunaopokea wapo wanaoletwa na askari magereza, pingu mkononi, mahabusu kwa wafungwa. Kuna jambo limejirudia mbele ya macho yangu mpaka nimeona nilisemee. Mtu ana skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola (hali inayopanda na kushuka kupita kiasi), uraiani anatumia dawa, analima, anauza genge lake, watoto wanasoma. Siku akikamatwa, iwe kwa kosa kubwa au kwa kugombana na jirani, dawa zinakatika. Mara nyingi hakuna aliyekaa akapanga kumnyima. Zinakatikia njiani, kila anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine: polisi kwenda mahakamani, mahakamani kwenda mahabusu, gereza hili kwenda lile, gerezani kwenda hospitali na kurudi, mpaka siku anayoachiwa. Kila anapokabidhiwa, mtu anasainiwa, dawa hazisainiwi.

Tuanze kituoni. Ukiingia mahabusu ya polisi unapekuliwa: mkanda, kamba za viatu, simu, hela. Vidonge vilivyofungwa kwenye kijibahasha cha kaki navyo vinabaki kaunta. Askari hajui ni haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, au ni nini, na simlaumu, kwa sababu hata angekuwa mwanangu nisingependa amruhusu mtu kumeza kitu asichokijua akiwa chini ya ulinzi wake. Lakini akikamatwa Ijumaa jioni, mahakamani ni Jumatatu. Siku hizo mgonjwa halali, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kumrudisha mwenye baipola alikotoka. Mwenye kifafa hali yake ni ya hatari zaidi. Fenobabito ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kuachia, na hapo tunazungumzia kifo.

Ila wanaonisumbua zaidi ni wale wa sindano. Wengi wenu mmesikia Modecate. Ni dawa ya skizofrenia ya sindano ya msuli, mgonjwa anachomwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa wengi kila mwezi, dawa inatoka taratibu mwilini. Huyu akikamatwa hana kidonge mfukoni. Anaongea vizuri, anajibu maswali, gerezani anapokelewa kama mzima. Hakuna anayemuuliza, naye hasemi, maana kusema una ugonjwa wa akili mbele ya watu mliofungiwa nao chumba kimoja ni kujitafutia mateso. Tarehe ya sindano inapita. Wiki ya tatu, ya nne, dawa inaisha mwilini kimyakimya. Anaanza kukaa peke yake, anakataa chakula kwa sababu anaamini kimewekwa sumu, usiku anajibizana na sauti. Wenzake wanasema jela imemchanganya, wengine wanasema anajifanya ili aonewe huruma mahakamani. Kumbe alikuwa na kliniki yake, ana kadi, ana faili, na tarehe ya sindano imeandikwa kwa wino kwenye kadi iliyobaki nyumbani kwenye droo ya mama yake.

Akishafika hapo anageuka kesi ya nidhamu. Amekataa kusimama kwenye hesabu, amemsukuma askari, amemwagia mwenzake maji. Anatengwa. Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015 zinakataza, kwenye kanuni ya 45, kumfungia peke yake mtu mwenye ulemavu wa akili au wa mwili pale ambapo kutengwa kutamzidishia hali. Nimemuona mgonjwa aliyetoka kwenye kutengwa. Ilituchukua muda mrefu mara mbili kumrejesha kuliko tulivyozoea, na hakurudi alivyokuwa.

Sasa njoo kwenye Isanga. Kwa wasiojua, Isanga iko Dodoma, chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na ndiko mahakama nchini zinakopeleka washtakiwa wenye mashaka ya akili, hasa wa kesi za mauaji. Pale wataalamu wapo, dawa zinapangwa, mtu anatulia. Ripoti inaandikwa, inakwenda mahakamani, kwa kuwa ndiyo iliyoiomba. Ripoti inajibu maswali ya mahakama: je, alikuwa na akili timamu alipotenda, je, anaweza kujitetea? Haikuandikwa kwa ajili ya mganga wa zahanati ya gereza anakorudishwa. Mtu anarudishwa mahabusu ya mkoani kwake akiwa ametulia kwa dawa tatu, na zahanati ina moja, au haina hata moja. Kesi inasubiri kikao cha Mahakama Kuu. Kikao kinapofika, mshtakiwa haelewi anasomewa nini. Hakimu au jaji anafanya nini? Anamrudisha kupimwa. Nimewahi kumpokea mgonjwa mmoja akiwa kwenye mzunguko huo, na ndugu wa marehemu kwenye kesi yake nao walikuwa bado wanasubiri haki miaka yote hiyo.

Nitaishia hapa kwanza, nipate chai. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Kisiki Kikavu

Mkuu nimesoma yote. Nakuheshimu, lakini niwe mkweli. Mimi mama yangu ana kisukari na presha, dawa nanunua mwenyewe, bima sina. Sasa tuanze kuwanunulia dawa watu walioua? Raia wema kwanza.

#3 Zamu ya Usiku

Kisiki Kikavu, pole kwa mama, na uchungu wako ni halali kabisa. Naomba nikujibu bila kukuzunguka.

Kwanza, mahabusu hajahukumiwa. Yupo ambaye hakuua, hakuiba, na ataachiwa. Humo ndani anaweza kuwemo mdogo wako aliyesingiziwa. Halafu wewe mama yako akiishiwa dawa unaweza kukopa, unaweza kwenda duka la dawa usiku ukagonga dirisha. Mtu aliyefungiwa hawezi. Serikali ndiyo iliyoshika ufunguo, basi na kidonge ni juu yake. Ndiyo maana kanuni ya 24 ya Mandela inasema matibabu ya mfungwa ni jukumu la serikali, ya kiwango kilekile cha mtaani na bila malipo. Na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza. Kumwacha mtu asikie sauti mchana na usiku wakati dawa ipo ni mateso, hata kama hakuna aliyemgusa.

Kuhusu gharama: hatuzungumzii dawa mpya za bei mbaya. Klopromazini ilianza kutumika kutibu wagonjwa wa akili mwaka 1952. Haloperidoli nayo ni ya miaka hiyo ya hamsini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu na Bohari ya Dawa inazisambaza. Ni kati ya dawa za bei nafuu kabisa katika fani yetu. Kinachokula hela ni gari la kumsafirisha Dodoma na kurudi, askari wawili wa kumsindikiza, posho zao, kesi kuahirishwa, mashahidi kuja na kurudi. Hiyo hela inatoka kwenye kodi yako pia.

#4 Mtoto wa Kwanza

Shikamoo kaka, au dada. Nimelia kusoma huu uzi. Mdogo wangu wa kiume yuko mahabusu tangu mwezi uliopita, kesi ya kuharibu mali. Ana skizofrenia, anahudhuria kliniki miaka mingi. Nilipeleka dawa zake getini, zimerudishwa, nikaambiwa dawa kutoka nje haziruhusiwi. Nikauliza je mnampa nyinyi? Nikaambiwa yuko vizuri. Jumapili nilipomuona hakunitambua, anacheka peke yake na mate yanamtoka. Nifanye nini? Mama hajui, tumemficha, moyo wake mbovu.

#5 Zamu ya Usiku

Marahaba mdogo wangu, ni kaka. Pole sana. Nakujibu wewe kwanza, wengine mtanisamehe.

Usirudi getini na vidonge. Watakataa, na kwa upande wao wana sababu, hawawezi kujua kilichomo. Rudi na karatasi. Nenda kliniki anakotibiwa, uwaeleze mgonjwa wao yuko mahabusu, uombe barua ya daktari yenye mhuri. Barua iwe na ugonjwa wake, majina ya dawa yenyewe, si ya kibiashara tu, kiwango anachotumia na saa za kumeza, tarehe ya sindano ya mwisho na ya inayofuata, na mstari mmoja muhimu: kitatokea nini akikosa. Waombe pia waandike ni dawa gani iliwahi kumdhuru. Toa nakala nyingi. Moja mpe mkuu wa gereza kwa mkono, uombe isainiwe kwenye nakala yako kwamba imepokelewa. Moja iende zahanati ya gereza. Moja kaa nayo.

Nakala nyingine ni ya mahakamani. Siku ya kutajwa kesi, hata kama hamna wakili, inuka uombe kwa adabu kuzungumza, mweleze hakimu kwamba mshtakiwa ni mgonjwa wa akili, yuko kwenye matibabu, na dawa zimekatika, barua hii hapa. Omba iingie kwenye kumbukumbu na omba amri apelekwe hospitali. Maneno yaliyoandikwa kwenye mwenendo wa kesi yana nguvu kuliko kulalamika korido.

Mate kumtoka kunanipa swali. Inawezekana anapewa dawa, lakini anapewa haloperidoli bila Artane, kidonge cha kuzuia mkakamao unaoletwa na dawa hiyo. Umeona shingo au macho yakivutwa upande? Anatembea kama aliyekakamaa? Niliwahi kuletewa kijana shingo imepinda, macho yamegeukia juu, askari wameshika Biblia. Tukamchoma Phenergan, ndani ya nusu saa akaomba maji ya kunywa. Yalikuwa ni madhara ya dawa tu. Tatizo ni kwamba mtu akipitia hilo mara moja, anaikataa dawa milele, na nani atamlaumu?

#6 Kitabu cha Sheria

Mleta mada umeeleza vizuri, niongeze upande wangu wa sheria. Natumia namba za vifungu za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, toleo la 2019.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kifungu cha 216 ni pale mshtakiwa anaonekana hawezi kujitetea sasa hivi. Vifungu vya 219 na 220 vinahusu hali yake siku ya tukio. Chini ya 220 mahakama inaweza kuahirisha kesi na kuamuru apelekwe hospitali ya akili akachunguzwe, na mganga mkuu anatakiwa kuleta ripoti ndani ya siku 42. Siku 42 ndivyo karatasi inavyosema. Foleni ya kupata nafasi Isanga ni habari nyingine, na wakati wa kusubiri mtu anasubiria gerezani, siyo hospitali.

Ikithibitika alitenda akiwa hana akili timamu, mahakama inatoa uamuzi maalumu kwamba alitenda kitendo lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Watu wanadhani hapo anakwenda nyumbani. Hapana. Anaendelea kushikiliwa, na kuachiwa kwake kunapitia kwa Waziri. Sheria inaruhusu ashikiliwe hospitali, gerezani au mahali pengine panapofaa, na hilo neno "gerezani" ndilo linaloniuma. Mtu mahakama imesema hana hatia, anaweza kujikuta anakaa kwenye selo na kutegemea zahanati ileile mliyoisema. Kanuni ya 109 ya Mandela inasema watu wa namna hiyo wasikae gerezani kabisa, wahamishiwe kituo cha afya ya akili mapema iwezekanavyo.

Mtoto wa Kwanza, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa haki mtu asiye na uwezo, na Polisi na Magereza wanatakiwa kumwezesha aliye kizuizini kumpata mtoa msaada. Ulizia pia afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Na ukikwama kabisa, andikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wana mamlaka ya kisheria ya kuingia magerezani na kukagua.

#7 Mzee wa Lindo

Nimestaafu. Nilikuwa askari magereza mwenye taaluma ya afya, nimekaa zahanati za magereza zaidi ya moja. Nawasomeni kwa utulivu, na nataka mjue upande wa pili wa geti.

Zahanati ya gereza mnayoifikiria ni chumba, kabati, meza na mtu mmoja ambaye pia ni askari na zamu za lindo zinamhusu. Malaria, kifua kikuu, upele, kuhara, majeraha, yote yake. Kifua kikuu na Ukimwi vina miradi, vina madaftari yake, dawa zinakuja na mtu anakuja kuzihesabu. Ugonjwa wa akili hauna mradi. Ukiagiza haloperidoli na ikakosekana, hakuna mtu wa juu atakayekupigia simu kuuliza kwa nini daftari lako lina sifuri.

Halafu elewa mpangilio. Magereza iko Wizara ya Mambo ya Ndani. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wizara ya Afya. Hospitali ya wilaya iko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Mgonjwa mmoja, wizara tatu. Gari la kumpeleka kliniki likiwa bovu au halina mafuta, miadi imepita, na hospitali inaandika kwamba mgonjwa hakuhudhuria. Kama vile alikuwa na hiari ya kuhudhuria!

Mleta mada umetaja Artane. Nakuomba uwaeleze watu ukweli wote. Artane inaleta kilevi kwa wanaoitafuta, na ndani inabadilishwa kwa sigara, kwa sabuni, kwa ugali. Mgonjwa dhaifu ananyang'anywa kidonge mdomoni, au anakificha chini ya ulimi akauze. Kwa hiyo wakubwa wengine wanaona rahisi kuizuia kabisa. Mimi nilikuwa namsimamisha mgonjwa mbele yangu, anameza na maji, anafungua mdomo, anainua ulimi, anazungumza na mimi dakika moja mbili kisha ndiyo anaondoka. Inawezekana. Inahitaji mtu mmoja mwenye moyo na kikombe cha maji.

Na saa. Milango inafungwa bado jua lipo. Dawa ya usiku inabidi itolewe mchana wa alasiri, klopromazini inamlaza mapema, alfajiri anaamka dawa imeshapungua. Asubuhi anatolewa shamba. Klopromazini na jua kali haviendani, ngozi inaungua, na presha inashuka mtu anaanguka kwenye tuta la mahindi. Nilikuwa nikiandika barua mgonjwa apewe kazi za kivulini. Mkuu mmoja alikuwa ananisikiliza, aliyemfuata akasema daktari wa wafungwa ameanza kupanga kazi za gereza.

#8 Zamu ya Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Huu mchango wako ndio uliokosekana. Hilo la mwisho lina jibu kwenye kanuni ya 27 ya Mandela: uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na mtu wa utawala wa gereza asiye mtaalamu hawezi kuutengua wala kuupuuza. Tungekuwa na hiyo kwenye kanuni zetu za ndani, ikasomwa vyuoni Ukonga na Kiwira wanakofunzwa askari, ungeheshimiwa na mkuu wa pili kama wa kwanza.

Kuhusu Artane nakubaliana na wewe, inatumiwa vibaya. Lakini kuizuia kabisa kunamwadhibu mgonjwa kwa kosa la mchuuzi. Utaratibu wako wa kumezea mbele ya macho ndiyo dawa yake. Tena pale ambapo mgonjwa yuko tayari, sindano ya mwezi inapunguza biashara yote hiyo, haiwezi kufichwa chini ya ulimi. Inahitaji tu mtu ajue tarehe.

#9 Mja wa Unguja

Huku kwetu gereza ni Chuo cha Mafunzo, na hospitali ya akili ni Kidongo Chekundu, hapa hapa mjini. Masafa si tatizo kama bara. Lakini gari na askari wa kusindikiza ni vilevile.

Nilitaka kugusia Ramadhani, sijaona mtu kaitaja. Mgonjwa anataka kufunga, na dini inamruhusu asifunge kwa maradhi, ila wengi wanaona haya mbele ya wenzao. Kama dawa ni mara mbili kwa siku, nyumbani unameza kwenye futari na daku. Ndani, saa hizo milango imefungwa, na wa kugawa dawa kaondoka. Kwa hivyo mwezi mzima anakosa, na Idi inamkuta amechafukwa. Aliye kwenye lithiamu, dawa ya baipola, akishinda kutwa bila maji katika joto letu, dawa inamlemea mwilini mpaka kumdhuru. Wapangiwe dawa ya mara moja inapowezekana, na imamu anayekuja kuwadarisi awaambie waziwazi kuwa ruhusa ipo.

#10 Kutoka Nyanza

Hamjambo wanajamvi, nawasomea hapa Kenya. Kwetu mambo yanafanana sana, ila korti zimeanza kusogea. Zamani, na bado kwa maandishi ya sheria, mtu aliyepatikana ametenda kosa akiwa mgonjwa alishikiliwa kwa ridhaa ya Rais. Maana yake hakuna tarehe. Daktari wa Mathari, hospitali yetu ya akili, anaandika kwamba dawa zimemkalia vizuri, amepona kiasi cha kurudi nyumbani, na barua inakaa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba, kwamba muda wa mtu kushikiliwa ni jambo la korti kuamua na kulipitia, si la Rais. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hilo la mwisho linahusu mada yenu moja kwa moja. Mtu mwenye sonona kali alikuwa anatolewa kitanda cha hospitali anapelekwa rumande, mahali pabaya zaidi kwa ugonjwa wake.

#11 Kitabu cha Sheria

Asante jirani. Kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Tunamkamata mtu kwa sababu ya dalili ya ugonjwa wake.

#12 Kisiki Kikavu

Nimekuwa nafuatilia. Mkuu, hapo kwenye mtu wa sindano umenigusa, kuna jamaa mtaani kwetu alitoka jela akiwa hajitambui, tulisema amelogwa humo. Sasa swali: hao wanaotoka kwa msamaha wa Rais, nani anawapa dawa?

#13 Zamu ya Usiku

Umeuliza swali zito kuliko yote, na asante kwa kurudi.

Msamaha wa Ibara ya 45 hutolewa zaidi kwenye sikukuu za kitaifa, 9 Desemba au 26 Aprili. Ni jambo jema, gereza linapumua. Lakini siku ile wanatoka wengi kwa mpigo, shughuli ni kuhakiki majina na kufungua geti. Mgonjwa anatoka na nguo zake na nauli. Dawa zake ziko kwenye kabati la Mzee wa Lindo, kadi yake iko kwenye faili. Anafika kijijini, kliniki iko mbali, hana barua, na ndugu wanaona amenenepa na ametulia, wanadhani amepona. Wiki chache baadaye anarudi polisi.

Kuna kundi lingine hata halifiki getini. Mahabusu anapelekwa mahakamani asubuhi, upande wa mashtaka unaondoa shauri, hakimu anasema uko huru. Harudi gerezani tena. Anatokea mlango wa mahakama bila kidonge hata kimoja, na mganga wa gereza anajua jioni kwenye hesabu kwamba mtu wake hayupo. Kwa hawa dawa ya siku chache ilitakiwa iwe ndani ya gari la mahabusu kila wanapotoka, mkononi mwa askari kiongozi wa msafara, pamoja na karatasi ya rufaa.

Ndicho ninachokipigania miaka hii, na nimekiandika kwa wakubwa wangu: karatasi moja ya matibabu inayosafiri na mtu. Si faili, faili linabaki. Karatasi moja yenye dawa, kiwango, tarehe ya sindano na sahihi mbili, ya anayekabidhi na ya anayepokea. Askari asikubali kumpokea mtu bila hiyo karatasi kama asivyokubali kumpokea bila hati ya mahakama. Haihitaji sheria mpya wala mfadhili. Na pale anapoingia mara ya kwanza, maswali matatu ya faragha, si mbele ya foleni: umewahi kutumia dawa za akili au kifafa, unachomwa sindano ya mwezi, na ya mwisho ilikuwa lini?

#14 Mzee wa Lindo

Ongeza na nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake. Nyapara wa selo ndiye anayejua nani halali usiku. Mimi mtu wangu wa kwanza wa kuniambia fulani ameanza alikuwa nyapara, siyo askari. Afundishwe dalili, na aambiwe kwamba anayeongea peke yake analetwa zahanati, hapigwi.

#15 Mtoto wa Kwanza

Kaka, nimerudi na taarifa. Kliniki wameniandikia barua vizuri sana, nesi alimkumbuka mdogo wangu kwa jina. Leo kesi ilitajwa, niliinuka nikiwa natetemeka, hakimu alisoma barua yote, ameandika amri apelekwe hospitali ya mkoa. Askari wanasema Jumatatu gari likipatikana. Mkuu wa gereza amesaini nakala yangu. Mama nimemwambia. Shingo yake, ndiyo, inavutwa upande wa kushoto, nilidhani amepigwa.

#16 Zamu ya Usiku

Hongera mdogo wangu, umefanya kazi kubwa. Sasa shingo haisubiri Jumatatu. Kesho asubuhi rudi gerezani, usiombe kumuona yeye, omba kumuona mtu wa zahanati. Mwambie: "Shingo inavutwa, mate yanatoka, huenda anapewa haloperidoli, naomba aangaliwe Artane au Phenergan leo." Sema hivyohivyo, atakuelewa. Wakisema hawana, uliza kama wanaruhusu ulete iliyofungwa kutoka duka la dawa na cheti cha daktari, wapo wanaokubali hivyo. Ikiwa anashindwa kumeza au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura, mwambie mkuu wa gereza palepale, hiyo nakala aliyosaini uwe nayo mkononi.

Na niandikie hapa, kwenye barua wameweka sindano ya mwisho tarehe ngapi?